Maji ya Juu ya Turubai

Barua ya karipio niliyopewa kazini naihifadhi kwenye bahasha moja na cheti changu cha uhudumu wa afya. Vyote viwili nilivitolea jasho. Barua inasema nilikiuka maelekezo, niliandika maneno yasiyohitajika kwenye fomu ya serikali, na niliwachochea wananchi wapinge zoezi la usafi. Mawili ya kwanza ni kweli tupu. Hilo la tatu ni uongo, na nilimwambia hivyo mkuu wangu siku aliponikabidhi bahasha: wanawake wa mtaa wetu hawahitaji kuchochewa na mtu kama umekuja kumwaga maji yao.

Mimi ni mhudumu wa afya wa mtaa, hapa Magomeni, Mtwara mjini. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba kuchungulia maji ya watu. Nina tochi, kata, sahani nyeupe ya plastiki na rundo la fomu. Nachota maji, namimina kwenye sahani, naangalia kama kuna viluwiluwi wa mbu wanaojipindapinda humo. Watoto wananiita Mama Mbu, na wakubwa wananiita hivyohivyo nikishawapa mgongo. Sina ugomvi na jina hilo. Mwanamke anayeingia uani kwako bila kualikwa na kuchungulia pipa lako unaweza kumwita baya zaidi ya hapo.

Naishi na mama yangu, na mama yangu hana mchezo na maji. Alizaliwa juu kule uwandani Newala, zamani zile mwanamke aliposhuka bondeni na mtungi alfajiri na kurudi jua likiwa utosini. Alilelewa na wanawake waliojua uzito wa kila tone kwa shingo zao. Kwake hakuna maji machafu. Yaliyooshea mchele yanaoshea vyombo, yaliyooshea vyombo yanadekia sakafu, na yaliyodekia yanakwenda kwenye mpapai. Nilipokuwa mdogo nilimwaga nusu kikombe cha maji yaliyonishinda kuyamaliza. Alinizaba kofi ambalo nikilikumbuka mpaka leo nashika shavu.

Alipoolewa na kushuka huku pwani alikuja na mtungi mmoja wa udongo aliopewa na mama yake. Vitu vingine vyote vya harusi vimekwisha, mtungi upo, una ufa mdogo mdomoni, na ndio anaotilia maji ya udhu nyuma ya bafu. Uani, chini ya bati, ana mapipa manne ya kukinga mvua. Bomba letu linatoa maji kwa mgawo, na mgawo unakuja siku unayopenda wenyewe. Mapipa yale ndiyo kunywa kwetu, kupika kwetu, kufua kwetu na kusali kwetu. Nayasema haya mapema ili ijulikane ni nini hasa kilichokuwa kinagombewa asubuhi ile walipokuja na amri ya kuyamwaga.

Lakini nianze na turubai, maana kosa lilianzia hapo, na kosa lilikuwa langu.

Mwaka uliotangulia tuliitwa semina. Tukaambiwa mbu wanaoambukiza homa za virusi hawafanani na wale wa malaria tuliowazoea. Hawa wanauma mchana kweupe, chandarua chako cha usiku hakiwahusu, na wanapenda kutaga kwenye maji masafi ya nyumbani. Kwa hiyo kila chombo cha maji kifunikwe. Sote tukaandika: kifunikwe. Nikainua mkono nikauliza, kifunikwe kwa nini? Mapipa ya mtaani kwetu mengi yanatoka bandarini, yamekatwa juu kwa tindo, hayana mfuniko na hayatapata. Bwana afya, ambaye ndiye mkuu wangu wa kazi, akanijibu kwa kuniuliza kama nina wazo.

Nilikuwa nalo. Huku kwetu nyumba isiyo na shamba la korosho ina ndugu mwenye shamba, na penye korosho pana turubai la kuanikia. Msimu wa korosho ukiisha turubai linakunjwa na kutupwa darini lichezewe na panya, na mvua ndiyo kwanza zinaanza. Basi, nikasema, litolewe darini lifunike mapipa. Bwana afya alipiga meza kwa furaha. Wazo likapelekwa kata nyingine, likaenda mpaka vijijini, nikasikia limefika hata Madimba. Mimi nikapigwa picha kando ya pipa la mama lililovalishwa turubai la bluu na kufungwa kamba kiunoni, ninatabasamu kama bibi harusi.

Fomu mpya zikaja na swali lake: chombo kimefunikwa? Ndiyo. Hapana. Nikawa napita natia vema kwenye Ndiyo, nyumba baada ya nyumba, mpaka peni ikawa inakwenda yenyewe. Nakiri kwamba nilijisikia. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama mmoja wa Kimakua ambaye babu zake walivuka Ruvuma kuja upande huu, anayepika vitumbua asubuhi, alifunika hata ndoo ya kunawia mikono. Nikawa namtolea mfano kila ninakokwenda.

Homa ilianza mvua zilipokolea. Mtu anaamka mwili wote unamuuma, macho mekundu, vipele kifuani. Anakwenda zahanati, anatobolewa kidole, kipimo kinaonyesha mstari mmoja, hana malaria. Anatoka amekasirika utadhani ameibiwa. Watu wa hapa tumeugua malaria tangu tumboni mwa mama zetu. Ukimwambia mtu ana homa lakini si malaria anaona unamnyima dawa. Wengine walikwenda kununua mseto wa malaria kwa siri na kuumeza wote, na viungo vikaendelea kuuma vilevile.

Asubuhi moja nikampelekea mama chai mkekani. Alinyoosha mkono, akashika kikombe, na vidole havikufunga. Kikombe kikadondoka, chai yote ikaenda mkekani. Mama yangu, mtu yule niliyewaeleza, aliitazama ile chai inavyopotea na hakusema neno. Hapo ndipo nilipoogopa. Vifundo vya mikono vilikuwa vimevimba, magoti vilevile, na nilipojaribu kumwinua alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata siku alipozikwa baba.

Jioni homa ilipopungua kidogo akasema, "Hii ni chikungunya."

Nikamwuliza jina hilo amelisikia wapi. Akaniangalia kwa dharau. "Nimelisikia wapi? Si neno letu hilo? Bibi yako alinisimulia. Kabla ya Uhuru ilikuja kule juu, watu wakakunjamana, wakawa wanakwenda shamba wameinama mpaka chini. Mtu mzima anatambaa. Ndiyo wakaiita hivyo, kwa sababu inakukunja."

Niliona haya. Jina hilo nililiandika semina, mtoa mada alilitamka kwa taabu silabi moja moja, nasi Wamakonde tukaketi tukilikariri baada yake kana kwamba limeshuka na meli. Lilitoka kwenye vijiji vya bibi zetu, likazunguka dunia nzima kwenye vitabu vya madaktari, na liliporudi nyumbani hatukulikaribisha. Nilikasirika, nikajikasirikia na mimi mwenyewe.

Kesho yake nikaenda ofisini kwa bwana afya. Nikamwambia mtaani kwetu pana chikungunya.

"Majibu ya maabara yako wapi?"

"Hayapo. Mama yangu ameitambua."

Akacheka, si kwa ubaya. "Dada yangu, bila maabara hakuna ugonjwa. Wewe andika homa."

"Kwenye fomu homa ina chumba kimoja tu, cha malaria. Na hawa hawana malaria."

"Basi acha wazi."

Sikuacha wazi. Nilinunua daftari la shule nikaanza kuandika mwenyewe: nyumba ipi, nani anaumwa, kipimo kilisema nini, kiungo gani kimevimba. Lilipojaa nusu nikaenda kukaa kwenye benchi nje ya mlango wake. Nilikaa siku mbili. Kila akitoka namwamkia, kila akirudi namwamkia, daftari likiwa mapajani. Siku ya pili mchana alichoka kuamkiwa, akatia sahihi ya kutaka damu zichukuliwe. Walikuja wakachukua za wagonjwa kadhaa, na ya mama ikiwemo, zikasafirishwa Dar es Salaam.

Majibu yalichelewa, lakini yalikuja, na yalikuwa yaleyale. Nilipomweleza mama, aligeuka kwa shida kwenye mkeka. "Wamekwenda mpaka Dar es Salaam kuuliza jambo nililokwambia hapa," akasema. Tulicheka sote wawili, yeye akajishika mbavu kwa maumivu.

Furaha yangu haikudumu. Nilidhani wakishajua watatusaidia. Siku ya Jumanne bajaji yenye spika ilipita mtaa mzima ikitangaza kwamba Alhamisi saa tatu asubuhi maafisa wa afya pamoja na mgambo watapita kumwaga maji yote yaliyohifadhiwa majumbani, kwenye mapipa, madumu yaliyokatwa, ndoo na mitungi, kwa kuwa ndiyo mazalia ya mbu. Atakayekaidi atachukuliwa hatua. Dawa ya kuua viluwiluwi, nikaja kuambiwa, ilikuwa imekwisha stoo. Kilichobaki kwa wingi ni amri.

Wanawake walitoka milangoni. Mgawo wa bomba ulikuwa haujaonekana kwa siku kadhaa, na nusu ya nyumba zina mtu aliyekunjamana asiyeweza kubeba ndoo. Mama alisikia tangazo lote kutoka ndani. Niliporudi alikuwa amekaa, jambo ambalo hakuweza kulifanya tangu augue.

"Wakiyamwaga, nitakunywa nini?" akaniuliza.

Nilikuwa na hasira, tena hasira ya kujua mambo nusunusu, maana mapipa ya mtaa niliyachungulia mimi. Yalikuwa masafi. Wiki baada ya wiki nilikuwa nachota na kumimina kwenye sahani nyeupe na kuona sahani nyeupe. Mbu walikuwa wanatoka wapi?

Jumatano asubuhi nikaanza na mapipa yetu wenyewe. Nyumbani kwetu mama ndiye anayefungua mapipa, na ana utaratibu wake: pipa moja likiisha ndipo linafunguliwa la pili, kwa hiyo la mwisho linaweza kukaa mwezi na turubai lake bila kuguswa. Nikaenda kwenye hilo la mwisho. Turubai lilikuwa limebonyea katikati kwa uzito wa mvua, limetengeneza kidimbwi. Nikafanya ninavyofanya kwenye nyumba zote. Nikafungua kamba, nikashika pindo, nikakung'uta ili nipate kulifikia pipa. Maji yakaanguka mchangani.

"Unamwaga!" Mama alikuwa ameburuta mkeka mpaka mlangoni na aliona yote.

"Ni maji ya juu ya turubai tu, mama."

"Na hayo si maji? Yametoka wapi, jehanamu? Lete beseni!"

Mtu anaumwa, mikono haifungi, kesho wanakuja kumwaga mapipa yake, na bado anagombea vikombe vichache vya maji ya juu ya turubai. Nilikaribia kumjibu vibaya. Badala yake nikachukua beseni la unga, jeupe, nikainamisha pindo la turubai na kumimina yaliyobaki, ili tu anyamaze.

Maji ndani ya beseni yalikuwa yanacheza. Viluwiluwi walikuwa wengi mpaka nilidhani kwanza macho yangu yana kasoro. Wengine walikuwa wamekwishajikunja vichwa vikubwa, siku moja au mbili kabla ya kuruka. Nikachota maji ya pipani, chini ya turubai lilelile, nikamimina kwenye sahani. Masafi.

Nilikaa chini pale pale kwenye tope. Mwaka mzima nilikuwa nafika nyumbani kwa mtu, nakung'uta turubai, namwaga mbu miguuni pangu, halafu nachungulia pipa na kuandika safi. Fomu iliuliza kama chombo kimefunikwa. Haikuuliza kuhusu kifuniko, na mimi nikawa na akili ya fomu. Na turubai lilikuwa wazo langu. Kila ua nilioutolea mfano, niliupandia mbu mwenyewe.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyewafuga."

Hakunifariji. Si mtu wa namna hiyo. "Nani kakuuliza ni nani?" akasema. "Nenda katazame kwa wengine."

Nikaenda mlango wa pili. Jirani yangu alikuwa ameketi kibarazani, vifundo vya mikono amevifunga vitambaa vya moto. Nikamwonyesha juu ya maturubai yake yote, moja moja, na kwenye lile dogo la ndoo pia walikuwemo.

"Nilifunika kama ulivyosema," akasema.

"Ndiyo, dada. Nilisema vibaya."

"Nimeacha kupika vitumbua kwa sababu siwezi kushika upawa. Watoto wangu wananivalisha gauni. Na wewe ulikuwa unapita hapa unanisifu."

"Ndiyo."

Nilitamani anitukane zaidi. Alikohoa, akasimama kwa kujishika nguzo, akaanza kuvuta kamba ya turubai kwa meno. "Umekosea, tumesikia," akasema kupitia meno yaliyobana kamba. "Sasa tufunike na nini?"

Tukafikiri pamoja pale. Chandarua kikuukuu kila nyumba kipo, kile kilichotoboka ambacho mtu anaona uvivu kukitupa. Ukikikunja mara mbili matundu yanazibana, mvua inapita inaingia pipani, mbu hapiti, na maji hayasimami juu. Ukikikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli kinabana mdomo wa pipa sawasawa. Tulijaribu kwenye pipa lake moja, tukamwagia kata ya maji juu. Yalipita yote.

Saa sita mchana nilikuwa ofisini kwa bwana afya na beseni langu kwenye mapaja, gauni limelowa kwa sababu bajaji ilipita kwenye mabonde ya barabara. Nikaliweka juu ya meza yake, juu ya makaratasi. Akachungulia, akarudi nyuma.

"Hawa wametoka juu ya turubai," nikasema. "Mapipani hamna. Mkimwaga mapipa mtawatesa watu bure, na maturubai yatabaki yaleyale, mvua ya kesho yatajaa."

Alielewa papo hapo. Si mjinga, na nisimseme vibaya kuliko anavyostahili. Ndiyo maana uso ulimbadilika. "Unajua turubai limefika wapi kwa jina la ofisi hii? Ripoti imekwishapelekwa kwamba wananchi hawafuniki vyombo. Sasa unataka niandike nini?"

"Andika tulikosea."

"Kwenye fomu hakuna pa kuandika hivyo."

Nikavuta fomu moja mezani kwake. Pembeni mwa karatasi, nje ya vyumba vyote, nikaandika kwa herufi kubwa: Mbu wanazaliwa juu ya turubai. Turubai ni ushauri wangu. Nilikosea. Nikaweka jina na sahihi. Akaniomba nifute. Nikamwambia ni peni. Akaniambia, kwa sauti ya chini kama mtu anayeniombea mema, nisije nikawaambia watu kwamba ushauri ulikuwa wetu, watatudharau na hawatatusikiliza tena.

"Nimeshawaambia," nikasema, "na wamenisikiliza kuliko siku zote."

Nilikuwa nimemwambia mmoja tu, lakini nikarudi haraka nikawaambia waliobaki ili lisiwe uongo. Nilipita kila mlango mchana ule na beseni kichwani. Sikusema "imebainika" wala "wataalamu wamegundua". Nilisema mimi. Kuna mama alinifungia mlango. Kuna aliyeniuliza kama serikali ndiyo inayofuga mbu siku hizi, nikamwambia hapana, ni mimi peke yangu, akacheka akaita watoto wavute turubai. Kufikia magharibi vyandarua vikuukuu vilikuwa vimekaa juu ya mapipa ya mtaa, na maturubai yametandazwa uani yakauke.

Alhamisi saa tatu walikuja, bwana afya mbele, mgambo wanne nyuma na fimbo zao. Walianzia kwetu, ili isemwe kwamba hata mtumishi hakuachwa. Uani kulikuwa kumejaa. Wanawake waliokuwa na miguu walikuja kwa miguu, waliokunjamana walikuja wameshikwa, na kila mmoja alikuwa na sahani nyeupe mkononi. Kama kuna siku niliwachochea, ni hapo, kwa kuwaambia waje na sahani.

Nilisimama mbele ya mapipa. "Mkuu," nikasema, na nilihakikisha wote wanasikia, "sahani hii ndiyo mliyonipa ofisini. Chota kila chombo. Ukikuta kiluwiluwi mmoja tu, tunamwaga wenyewe. Usipomkuta, acha maji ya watu."

Angeweza kukataa. Angeweza kuwaambia mgambo waniondoe, na wangeniondoa, sina mwili wa kuwazuia. Lakini alikuwa amewaona viluwiluwi kwenye meza yake mwenyewe. Akanyoosha mkono apewe kata.

Pipa la kwanza, sahani nyeupe. La pili, nyeupe. La tatu. La nne, lile la mwisho, alichota mara tatu, chini, katikati na juu. Nyeupe. Wanawake walianza kuguna kwa raha. Bwana afya akafuta jasho, akazunguka ua mzima na macho, akaenda nyuma ya bafu.

Nilikuwa nimeusahau mtungi. Tangu mama augue nilikuwa namletea maji ya udhu kwenye bakuli mkekani, kwa kuwa hawezi kufika huko, na amekataa katakata kutayamamu kwa mchanga wakati mapipa yana maji. Mtungi ulikaa wiki hizo zote na maji yake ya mwisho, hauna wa kuugusa. Nilizunguka mtaa mzima nikavua maturubai ya watu na sikuangalia nyuma ya bafu la nyumba yangu.

Alirudi na sahani. Viluwiluwi walikuwa wanajipindapinda humo. Wanawake wakateremsha sahani zao. Mgambo mmoja akaja amebeba mtungi kwa shingo, maji yanaruka, akauinua ili aupige chini.

"Weka chini!"

Mama alikuwa ametoka. Alikuwa ameshika ukuta kwa viganja visivyofunga, ameinama vile alivyonisimulia kwamba watu wa kule juu waliinama, na alikuwa anakuja hatua moja moja. Nilikwenda kumshika akanisukuma kwa kiwiko. Mgambo akauweka mtungi mchangani taratibu, kijana wa watu, akarudi nyuma.

"Mwanangu kasema tunamwaga wenyewe," mama akasema. "Huo ni wangu. Naumwaga mwenyewe."

Akapiga magoti. Sijui alivyopiga magoti na yale maumivu. Vidole havikuweza kushika, akaukumbatia mtungi kwa mikono yote miwili mpaka viwiko, akaulalia kwa kifua, ukainama. Maji yakatoka, yakasambaa mchangani, viluwiluwi wakajipinda humo wakitafuta maji, mchanga ukanywa, wakatulia. Nina umri wa kuwa bibi, na sikuwahi hata siku moja kumwona mama yangu akimwaga maji. Alilia. Hakuficha na mimi sitaficha. Nililia pia, mbele ya mgambo na mtaa mzima.

"Bado kusugua, mama," nikasema. "Mayai yanaganda ukutani."

Akatia mkono mtungini. Nikampa kumbi la nazi, likamponyoka. Nikatia mkono wangu juu ya wake, nikabana vidole vyake kwenye kumbi kwa vidole vyangu, tukasugua hivyo, mkono mmoja juu ya mwingine, mpaka chini.

Bwana afya alikuwa amesimama na fomu. Akauliza, kwa adabu kabisa, aandike nini kuhusu chombo hicho.

"Andika kimemwagwa na mwenyewe," mama akasema bila kuinua kichwa.

Akaitazama fomu, akatafuta chumba cha kuandika hayo, akakosa. Nikanyoosha kidole chenye tope nikamwonyesha pembeni, nje ya vyumba, palipo peupe. Akaandika.

Mama akaniambia nikachote maji ya kusuuzia kutoka pipa la kwanza, na nisijaze kata.